Hazina ya Kaburini Ina Mwenyewe

Mpwa wangu alinisukumia kaunta buku mezani kama mweka hazina wa kamati ya harusi anayesoma mapato na matumizi. "Mjomba, wewe ndiye mtu wa mambo ya kale. Nipitishie hii." Ukurasa ulikuwa na vitu saba alivyozikwa navyo mtemi mmoja. Upanga unaowaka moto. Taji la almasi. Pete ya kumfanya mvaaji asionekane. Sarafu za dhahabu elfu tatu ndani ya sanduku la chuma. Vitatu vilivyobaki vilifanana na hivyo. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, alikuwa ameandika: Kaburi la Mtemi, Milima ya Kapalamsenga.

"Huyu mtemi aliishi lini?" nikamuuliza.

"Zamani."

"Zamani ipi?"

"Mjomba, ni mchezo tu."

Ni mchezo kweli. Vijana wanne wanakutana Mpanda mjini kila Jumamosi baada ya saa kumi, kwenye baraza la nyumba ya mmoja wao: mpwa wangu, muuguzi, mwalimu wa sekondari na fundi pikipiki ambaye huja na grisi kwenye kucha. Hawana ubao wala karata. Wana dadu moja la pande ishirini, vizibo vya soda vya kuonyesha nani kasimama wapi, na maneno. Mmoja ni msimulizi: anaeleza pango, mlango, harufu, sauti. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema anachofanya. Pakitokea jambo ambalo linaweza kufaulu au kushindikana, dadu linarushwa. Fikiria bibi anasimulia hadithi, na wajukuu wana haki ya kumkatiza na kusema, "Hapana bibi, sungura hakupita hapo, alipita kwa nyuma."

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons, ulioandikwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, mwaka 1974. Katika kanuni zake za awali kuna jambo ambalo kwangu ndilo linaeleza orodha ya mpwa wangu. Mhusika alikuwa anapanda ngazi kwa pointi za uzoefu, na sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa shimoni na kufikishwa salama ilihesabiwa kuwa pointi moja. Kuua jini kulikupa pointi chache, kuiba kukakupa nyingi. Mwaka 1975 Gygax aliandaa kaburi maarufu kuliko yote kwa ajili ya mashindano, akalichapisha 1978 kwa jina la Tomb of Horrors. Limejaa mitego kiasi kwamba wachezaji wazoefu hufia mlangoni. Marehemu mwenyewe, mchawi Acererak, kazi yake ni kulinda mali isichukuliwe. Kaburi ni benki yenye meno.

Sina ugomvi na Wamarekani. Waliandika walichokijua. Ugomvi wangu ulikuwa na neno moja kwenye ukurasa ule: Kapalamsenga. Ukishaandika jina la mahali, umejifunga. Mtemi wa Kapalamsenga hawezi kuzikwa na taji la almasi, kama ambavyo mfalme wa Uingereza hawezi kuzikwa na kigoda na mundu.

Kapalamsenga iko wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, upande wa Karema na ziwa Tanganyika. Wasioijua wakiisikia, huisikia kwa ajili ya shaba. Nina jiwe la huko ambalo nililitumia miaka mingi kukandamizia karatasi zisipeperuke. Ni kubwa kama embe dodo dogo. Upande mmoja ni kahawia kama kichuguu, upande wa pili ni kijani, si kijani cha jani bali kile cha sarafu iliyosahaulika kwenye maji ya mtungi. Nikaliweka juu ya kaunta buku, juu kabisa ya zile sarafu elfu tatu.

"Anza na hili," nikamwambia.

Kuna jambo moja ambalo shaba hulifanya ardhini na ambalo halihitaji dadu. Mwaka 1960, upande wa Zambia wa bonde la Zambezi, mafundi waliokuwa wakijenga tangi la maji walikuta mifupa. Mahali hapo panaitwa Ingombe Ilede, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: ng'ombe aliyelala, kwa sababu ya mbuyu uliolala chini kama ng'ombe. Walikuwa wamegonga makaburi ya wafanyabiashara waliozikwa kati ya miaka ya 1400 na 1600, wakiwa na shanga za dhahabu, vyuma vya kuvutia waya, misalaba ya shaba na bangili. Na nguo. Pamba, kwenye udongo wa joto na mchwa, baada ya karne nne au tano! Nguo ile haikuoza pale ilipogusana na shaba, kwa sababu chumvi za shaba huua vijidudu vinavyokula nyuzi. Penye bangili, kitambaa kipo. Nusu shibiri pembeni yake, hakuna kitu.

Mpwa wangu alinyamaza. Kisha akakata pete ya kutoonekana, akaandika: *shuka la mtemi, limebaki vipande vyenye umbo la bangili zake.* Hapo ndipo nilipojua kwamba alasiri ile haitakuwa ya bure.

Alitaka kujua kama kuna makaburi mengine ya namna hiyo. Yapo, na yaliyo bora kuliko yote yako ng'ambo ya ziwa letu, ndani ya Kongo, kwenye mabwawa ya Upemba ambako mto Lualaba unatawanyika kabla ya kushika njia ya kaskazini. Mahali panaitwa Sanga, kando ya ziwa Kisale. Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba pale mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akarudi miaka ya 1970. Watu walikuwa wakizikana pale tangu karne ya nane. Hakuna jengo wala jiwe la mfalme wala maandishi. Kuna makaburi tu, moja juu ya jingine, na historia nzima ya watu wale inasomwa kwenye vitu walivyowapa wafu wao.

Waliwapa vyungu, vingi, vizuri kuliko vya jikoni, na vingi havina dalili ya kupikiwa. Yaani kulikuwa na mfinyanzi aliyekaa akafinyanga chungu akijua kitakwenda moja kwa moja kaburini. De Maret aligundua kitu ambacho tangu nikisome kimenikaa: ukubwa wa vyungu hufuata umri wa aliyezikwa. Mtu mzima ana vyungu vya mtu mzima. Mtoto ana vyungu vidogo, vya kushikwa na mikono yake. Nikamwambia mpwa wangu, kama unataka wachezaji wako wanyamaze, usiwape joka. Waingize kwenye chumba cha pembeni cha kaburi, wakute vyungu kumi vinavyotosha kiganjani.

Halafu kuna misalaba. Shaba ya Katanga ilimiminwa kwenye umbo la herufi H au la msalaba, na makaburi yanaonyesha jinsi ilivyobadilika kazi. Katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ni michache na mikubwa, imelazwa kifuani kwa mtu mmoja mmoja, kitu cha heshima. Baadaye inakuwa midogo na mingi, inalingana ukubwa, na imewekwa karibu na mikono au kiunoni, pale ambapo mtu huweka pochi. Msalaba umekuwa pesa. Umbo ni lile lile, chuma ni kile kile, lakini aliyezikwa na mmoja kifuani na aliyezikwa na hamsini kiunoni hawakuwa wanaishi katika dunia moja.

Nilikaa sana hapa, na nina sababu. Swali la "zamani ipi" lina jibu ndani ya hazina yenyewe. Msimulizi akisema tu "mnakuta dhahabu", amewapa wachezaji namba. Akisema "mnakuta msalaba mmoja mkubwa wa shaba juu ya mbavu, na pembeni, kwenye kaburi la mzao wake wa mbali, mafungu ya misalaba midogo", amewapa miaka mia tatu bila kutaja hata mwaka mmoja. Zile sarafu elfu tatu zikafutwa.

Kwamba mtemi wa kubuni wa Kapalamsenga angeweza kuwa na shaba ya Katanga si ndoto. Wasumbwa wa upande wa Unyamwezi walikuwa wakiifuata shaba hiyo kwa misafara katika karne ya 19. Mmoja wao, Msiri, ambaye baba yake Kalasa alikuwa mchuuzi wa shaba, hakurudi. Alijenga dola yake ya Garenganze huko huko, hadi alipopigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Na shaba ya chini ya miguu yetu wenyewe tunaijua.

Taji la almasi lilikuwa gumu zaidi kulitoa, maana kijana alilipenda. Nikampa badala yake kitu kinachotoka baharini: kipande cha mviringo kilichokatwa kwenye kitako cha kombe la koa wa Bahari ya Hindi, cheupe, chenye mchoro wa kuzunguka kama gamba la konokono, kinachotobolewa na kuvaliwa shingoni au kwenye paji la uso. Bara zima hili, kutoka Unyamwezi hadi kwa Walunda, kilikuwa alama ya utawala. Uzuri wake ni umbali. Mtu wa Katavi aliyevaa kombe lile alikuwa amevaa bahari ambayo hajaiona.

"Thamani yake?" aliuliza mwalimu, ambaye alikuwa amefika na wenzake na kukaa. Watu wa mchezo huu hupenda bei.

David Livingstone aliandika bei yake. Mwaka 1854 alikuwa kwa Shinte, chifu wa Walunda, na akaandika kwamba makombe mawili ya aina hiyo yangenunua mtumwa mmoja, na matano yalikuwa malipo mazuri kwa pembe moja ya ndovu.

Barazani pakawa kimya. Fundi pikipiki akahesabu kwa vidole: makombe mawili, mtu. Shingoni mwa mtemi tulikuwa tumemvika manne.

Hapo ndipo ilipobidi niwaeleze habari ambayo ningependa kuikwepa. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, mwishoni mwa mwaka 1857. Katika kitabu chake cha 1860 Burton anaeleza namna watemi wa Wanyamwezi walivyozikwa, kama alivyosimuliwa. Shimo kubwa lenye kuba. Maiti imevikwa ngozi. Ameketishwa, hakulazwa, na mkono wa kulia umeshika upinde. Chungu cha pombe kando. Na mara nyingi wanawake watatu watumwa, mmoja kila upande na mmoja mbele, wakiwa hai, ili bwana wao asipate upweke.

Ukisoma haraka, utaona ni orodha. Ngozi, upinde, pombe, wanawake. Burton aliiandika kama orodha. Na kanuni za 1974 zingeisoma hivyo hivyo: vitu vya thamani, na walinzi.

Mpwa wangu, kwa haki kabisa ya mtu anayetunga mchezo wa kutisha, akasema: "Basi hao watatu ndio mizuka inayolinda hazina. Wachezaji wapigane nao."

Muuguzi akamkatalia. Ndiye mdogo kuliko wote na husema kidogo. "Wale hawalindi hazina," alisema. "Wale wameibwa. Kwa nini wamlinde?"

Sikuwa na la kuongeza, ila mahali. Nikawakumbusha kwamba njia ya kutoka Kapalamsenga kwenda ziwani inaishia Karema, na Karema kuna kaburi la Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utotoni, akavushwa jangwa, akakombolewa kwa pesa na mapadri wa White Fathers huko Algeria, akasomea udaktari Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema. Akatibu watu pale kwa zaidi ya miaka sitini, hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyewahi kupangiwa bei amezikwa hapo karibu, na watu humtaja kwa heshima ambayo hakuna mtemi wa kubuni atakayeipata.

Basi muuguzi ndiye aliyetunga hazina ya nne, na ndiyo bora kuliko zote. Nami sikuhusika. Wanawake watatu wapewe majina, na msimulizi ayajue kabla mchezo haujaanza. Hawapigani na mtu. Lakini yeyote anayetoka na kitu chochote cha kaburi lile, hata shanga moja, usiku anasikia sauti inauliza kwa upole: *Unatupeleka wapi?* Atasikia kila usiku, mpaka atafute kila mmoja alitoka kijiji gani na kupeleka kule kitu chake akakizike. Mmoja Ufipa, mmoja ng'ambo ya ziwa, mmoja hajulikani kabisa. Mchezo uliokuwa wa Jumamosi moja ukawa wa miezi.

Sasa uchawi wenyewe. Hapa ndipo vitabu vya kigeni huwa maskini, ingawa vina kurasa nyingi. Upanga wa kuongeza moja, upanga wa kuongeza mbili: nguvu imepachikwa kwenye kitu kama lebo ya bei dukani. Unauliza nguvu imetoka wapi, huna jibu. Watongwe, ambao nchi yao ni kuanzia milima ya Mahale hadi huku kwetu, wangelicheka jambo hilo. Mtafiti Mjapani Makoto Kakeya alikaa nao miaka ya 1970 na kueleza kwa makini uganga wao. Dawa ina sehemu mbili. Kuna mti: mzizi, gome, jani. Na kuna kizimba, kile kinachoiamsha, ambacho mara nyingi hutoka kwa mnyama au kitu kingine, na huchaguliwa kwa sababu tabia yake, umbo lake au jina lake linafanana na kazi inayotakiwa. Mti bila kizimba ni majani tu.

Nikawapa kanuni: hakuna kitu cha uchawi kwenye kaburi letu bila kizimba, na wachezaji lazima waweze kukiona. Upinde wa mtemi haukosi. Kwa nini? Ukiufungua uzi ulioviringishwa kwenye mshikio, ndani kuna unyoya wa mwewe. Ukiutoa unyoya, una kijiti kilichopinda. Chungu cha pombe hakikauki. Kwa nini? Kitako chake kimefinyangwa kwa udongo wa chemchemi fulani, na chemchemi ikikauka, chungu nacho kwisha. Vyote viwili tulivitunga pale barazani, si vya Watongwe, na msomaji asiende kuvijaribu. Lakini namna ya kufikiri ni ya kwao. Mchezaji mwenye akili haulizi tena upinde unaongeza pointi ngapi. Anauliza umefungwa nini.

Mitego ilikuwa ugomvi wa mwisho. Mpwa wangu alikuwa amechora sakafu inayodidimia, mishale ukutani, na jiwe kubwa la kubingirika. Nikamuuliza kama amewahi kufika kwenye mkwaju wa Katabi. Ndani ya hifadhi ya Katavi, kando ya ziwa Katavi, kuna mti ambao watu wanasema ndimo anamokaa mzimu wa Katabi, mwindaji wa zamani aliyeliachia eneo lote jina lake. Watu huenda pale kuomba na huacha zawadi zao chini ya mti. Hakuna ukuta, kufuli, wala mshale ukutani. Zawadi zimekaa wazi. Mtego hukuambia kwamba mwenye mali ana wasiwasi. Mali iliyoachwa wazi hukuambia kwamba hana.

Alifuta mitego yote isipokuwa jiwe la kubingirika. Akaniomba nimwachie hilo. Nikamwachia.

Nakiri kwamba somo hili la mali ya wafu lina chumvi ya nyumbani. Yeyote aliyekulia kanda hii ya magharibi anawajua watafuta rupia. Huja usiku na ramani iliyonakiliwa mara kumi, wanasema Mjerumani alipokimbia alizika dhahabu chini ya mwembe, au kwenye kona ya boma, au, Mungu atusamehe, ndani ya kaburi. Hadithi ina punje ya kweli. Mwaka 1916, vita ikiwa imewafungia njia ya bahari, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo upande mmoja, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilipigwa 16,198, kila moja gramu saba na kidogo. Lakini kutoka kwenye sarafu hiyo hadi kwenye shimo la kimo cha mtu nililowahi kuliona kando ya kaburi la mzee wa watu, kuna safari ndefu ya tamaa. Wachimbaji walikuta chupa. Familia ndiyo iliyofukia shimo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu kabla ya mwaka 1863. Mpwa wangu alipoisikia akasema basi mtemi wetu tumzike kabla ya mwaka huo, ili na yeye alindwe. Tukamzika mwaka 1840.

Ukitaka hazina ya Kijerumani iliyofichwa kweli kweli, iko majini, na hata sasa haijafichwa tena. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaletwa kwa reli hadi Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka injini grisi nzito ili maji yasiile, kwa sababu walitarajia kurudi. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ambayo wazazi wetu waliipanda kwenda Kigoma na Mpulungu na ambayo ilikuwa ikitia nanga nje ya Karema. Fundi pikipiki aliipenda habari hii kuliko zote. "Kwa hiyo waliizika kama mtu anayeweka akiba," alisema.

Na yeye ndiye aliyedai kwamba kaburi letu liwe na chombo cha kazi. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kamilamba, katika mabwawa yale yale ya Upemba, kaburi la karne ya nane lilikutwa na shoka la heshima na fuawe ya chuma kichwani. Miaka elfu moja baadaye hivi, nchini Rwanda, mwami Cyirima Rujugira alikufa, na kwa mila ya ufalme ule mwili wake ulikaushwa na kutunzwa bila kuzikwa hadi miaka ya 1930. Francis Van Noten alipolichimba kaburi lake mwaka 1969, alikuta kichwani pa mfalme fuawe mbili za chuma. Mfalme hakulazwa juu ya dhahabu. Alilazwa juu ya vyombo vya mhunzi, kwa sababu katika nchi hizi kutawala na kufua chuma vilikuwa ndugu: vyote viwili hugeuza udongo kuwa kitu kingine.

Kwa hiyo upanga wa moto ukatoka, ikaingia nyundo. Ni nyundo fupi ya mfua shaba, mpini wake umefungwa waya wa shaba, uso wake umelika upande mmoja na kuonyesha kwamba mwenyewe alikuwa wa mkono wa kushoto. Ikigonga kitu kilichovunjika, kinaunganika kana kwamba hakijawahi kuvunjika: jembe, mlango, mfupa. Kizimba chake ni punje tatu za mtama zilizopigwa ndani ya chuma wakati kingali cha moto, kwa sababu mfua shaba huyo alilipwa kwa nafaka na hakuna aliyewahi kumlipa yote. Anayeitumia anarithi deni lake, ila linageuka: kila pigo moja, debe moja la mtama kwa nyumba yenye njaa, kabla mwezi haujaandama.

Kwenye pointi, tuliigeuza ile kanuni ya mwaka 1974. Kitu kilichotolewa kaburini hakina pointi yoyote. Pointi hupatikana kinapofikishwa kwa anayestahili.

Walicheza Jumamosi iliyofuata. Nilikaa pembeni na chai yangu. Jiwe la Kapalamsenga lilikuwa katikati ya meza, limekuwa mlima. Mwalimu, kwa mazoea, alipapasa sakafu yote kutafuta mtego na kupoteza nusu saa. Jiwe la kubingirika lilimpata pale alipokuwa amekwisha kata tamaa. Muuguzi aliingia chumba cha pembeni, akaelezwa vyungu kumi vya kiganjani, akakaa kimya, kisha akasema mhusika wake anatoka nje bila kugusa kitu na anangoja wenzake mlangoni. Hakuna aliyemshawishi arudi.

Fundi pikipiki alisimama mbele ya mtemi aliyeketi. Alielezwa ngozi ya ng'ombe mweusi, vipande vya shuka chini ya bangili, kombe jeupe shingoni, nyundo kwenye mapaja. Akauliza uso wa nyundo umelika upande gani. Akaambiwa. Akarusha dadu, likazunguka likatua kwenye 17, akaichukua. Kabla hawajafika chini ya mlima alikuwa ameshaitumia mara tatu: mara mbili kwenye mguu wa mwalimu, mara moja kwenye pikipiki ambayo mtunzi aliapa kwamba mwaka 1840 haikuwepo.

Nyundo bado iko kwenye mfuko wa mhusika wake. Anadaiwa madebe matatu, na mwezi unaandama Jumanne.